Kabla ya Akili Mnemba, Tuwaandike Wagonjwa Wetu

Fungua daftari la kliniki la mtu aliyeugua tumbo kwa miaka bila kupona, ulisome kwa mpangilio. Ukurasa wa kwanza: maumivu ya tumbo, apewe dawa ya minyoo. Wa pili: taifodi. Baadaye amiba, kisha UTI, kisha vidonda vya tumbo. Katikati kuna rufaa ya kwenda kwa daktari wa macho, maana jicho moja limekuwa jekundu na linauma likikutana na mwanga. Mbele kidogo kuna diklofenaki kwa ajili ya magoti, dawa ambayo inaweza kuuchokoza zaidi utumbo ulio na shida. Halafu mstari mmoja unaosema damu imepungua, apewe vidonge vya madini ya chuma. Mwandiko ni wa watu mbalimbali na mihuri ni ya vituo mbalimbali. Hakuna mahali ambapo mtu ameuliza kama jicho, goti, damu na tumbo ni kesi moja.

Kwa wagonjwa wengi si kesi moja. Tumbo ni minyoo kweli, na magoti ni umri. Lakini lipo kundi la maradhi linalojitokeza hivyo hasa, vipande vipande: mchochota sugu wa utumbo. Humo mna ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na kolaitisi ya vidonda, inayobaki kwenye utumbo mpana. Kinga ya mwili huugeukia utumbo wenyewe, na vita hiyo haimalizwi na dozi ya wiki moja. Mgonjwa huharisha kwa miezi, wakati mwingine damu, hukonda, hupata nafuu akadhani yamekwisha, kisha yanarudi.

Siku hizi ni nadra kusikia mkutano wa afya usio na kikao cha akili mnemba, na maradhi haya ni kati ya yale ambayo watafiti wa Ulaya, Marekani na Asia wanayafanyia kazi kwa mashine kwa bidii kubwa. Wana sababu nzuri, na baadhi ya matokeo yao ni ya kweli na ya maana. Msimamo wangu ni kwamba sisi wa Afrika Mashariki tukianza kwa kununua mashine, tutakuwa tumeanza mwisho. Kinachokosekana kwetu ni kumbukumbu za wagonjwa zilizokamilika, hasa kumbukumbu ya kilichompata mgonjwa baada ya kutibiwa. Hiyo haipatikani dukani, na bila hiyo mashine nzuri kuliko zote itatupotosha kwa kujiamini.

Tuanze na kwa nini mashine imeitwa kwenye ugonjwa huu. Mwaka 1932, katika hospitali ya Mount Sinai mjini New York, madaktari Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer walichapisha maelezo ya wagonjwa waliokuwa na mchochota mwishoni mwa utumbo mwembamba. Jina la Crohn likabaki kwa kuwa lilitangulia kwa alfabeti. Miaka 19 kabla yao, mwaka 1913, daktari wa upasuaji wa Scotland, Thomas Kennedy Dalziel, alikuwa ameeleza wagonjwa wanaofanana na hao, akaona kwamba ugonjwa wao unashabihiana na kifua kikuu cha utumbo lakini sio. Shaka hiyo ya Dalziel haijaisha hadi leo, na kwetu sisi ndiyo kiini cha jambo. Nitairudia.

Kadiri miaka ilivyopita, madaktari walibaini kwamba ugonjwa haukai tumboni. Kuna wagonjwa wanaopata maumivu ya viungo na uti wa mgongo, wengine mchochota ndani ya jicho unaoweza kupofusha, wengine vinundu vyenye maumivu kwenye miguu. Hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka. Sonona na wasiwasi huwaandama wengi. Utumbo mpana uliokaa na mchochota kwa miaka mingi una hatari kubwa zaidi ya saratani. Halafu kuna ugonjwa wa mirija ya nyongo kukakamaa na kuziba, unaoharibu ini polepole: katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, takriban asilimia 70 ya wenye ugonjwa huo wa nyongo wana pia mchochota wa utumbo, na wengine hawajui, kwa sababu tumbo lao halilalamiki sana. Wagonjwa wa aina hiyo hushauriwa wakaguliwe utumbo mpana kila mwaka.

Daktari mmoja hawezi kuona hayo yote. Wa macho anaona jicho, wa mifupa anaona nyonga, wa ini anaona majibu ya damu. Uhusiano kati ya maradhi umejificha katikati ya mafaili, na kusoma mafaili laki moja kwa pamoja ni kazi ambayo kompyuta inaiweza kuliko binadamu. Denmark imeonyesha utajiri uliomo. Huko vipimo vya damu vya wananchi huhifadhiwa kwa namba moja ya utambulisho kwa miaka mingi, na mwaka 2023 watafiti walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa wapatao 20,000 wa mchochota wa utumbo. Waligundua kwamba vipimo vya kawaida kabisa vilianza kubadilika hadi miaka minane kabla ya mtu kuambiwa ana Crohn, na miaka mitatu kabla ya kuambiwa ana kolaitisi ya vidonda. Angalia vizuri kilichofanya kazi pale. Msingi wa ugunduzi ule ni makarani wa maabara waliohifadhi majibu ya mtu yuleyule, mwaka baada ya mwaka, kabla hata hajajijua ni mgonjwa.

Mashine zenyewe nazo zimefanya makubwa. Mwaka 2020 watafiti wa Tokyo walieleza programu waliyoifundisha kwa picha 40,758 za kamera ya utumbo na majibu 6,885 ya vinyama vilivyokatwa, kutoka kwa wagonjwa 2,012 wa kolaitisi ya vidonda. Daktari anapoingiza kamera, hukata vinyama vya milimita chache na kuvipeleka maabara, vikaangaliwe kwa hadubini kama mchochota umetulia kweli au umejificha chini ya ngozi ya utumbo inayoonekana nzuri. Programu ile, kwa kutazama picha tu, ilikisia jibu la hadubini kwa usahihi wa asilimia 92.9. Kwa mgonjwa, hiyo inaweza kumaanisha kukatwa vinyama vichache, kutokwa damu kidogo na kulipa gharama ndogo.

Mwaka 2025 yalitoka mengine mawili. Katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, watafiti waliiachia kompyuta kazi ya kupanga maelfu ya taarifa za jeni za makrofaji, seli za kinga zinazokula vijidudu na kusafisha mabaki. Kompyuta ikabaini jeni 53 zinazotenganisha makrofaji wanaochochea moto na wale wanaouzima. Moja kati ya hizo hutengeneza protini iitwayo girdin. Ikaonekana kwamba protini nyingine, NOD2, ambayo jeni lake lilihusishwa na Crohn tangu mwaka 2001, hushikana na girdin ili kutuliza mchochota, na kwamba kasoro ya NOD2 inayoonekana zaidi kwa wagonjwa wa Crohn huondoa kipande kilekile kinachoshika girdin. Fumbo lililodumu zaidi ya miaka 20 likapata jibu linaloeleweka. Nako Canada, katika Chuo Kikuu cha McMaster, wakishirikiana na MIT ya Marekani, watafiti walieleza kiuavijasumu kipya, enterololin, kinachopiga kundi dogo la bakteria wanaohusishwa na Crohn bila kufyeka bakteria wema wa tumboni. Dawa hiyo haikubuniwa na akili mnemba. Mashine ilichofanya ni kukisia dawa inashika wapi ndani ya bakteria, kisha wataalamu wakahakiki maabara, na kazi ambayo huchukua miaka ikachukua takriban miezi sita. Mpaka hapo ilikuwa imejaribiwa kwa panya.

Nayasema haya kwa undani kwa sababu wapo wanaodhani kuwa mwandishi anayetaka tahadhari hana imani na sayansi. Imani ninayo. Ninachouliza ni sayansi hiyo imemsoma nani.

Mwaka 2016 jarida la Nature lilichapisha hesabu ya watu walioshiriki katika tafiti kubwa za kulinganisha jeni na magonjwa: asilimia 81 walikuwa na asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 3 hivi. Sasa rudi kwenye NOD2. Kasoro tatu maarufu za jeni hilo, zilizogunduliwa kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani, hazionekani kwa Wajapani, na kwa watu wenye asili ya Afrika ni nadra. Ugunduzi wa San Diego ni wa kweli, lakini mlango ulioufungua huenda sio mlango ambao ugonjwa huo hupitia kwa kijana wa Morogoro au Kisumu. Mlango wake haujulikani kwa sababu hakuna aliyeutafuta. Na vile vinundu vya miguuni? Vitabu vinasema ni vyekundu. Kwenye ngozi nyeusi huwa na rangi ya zambarau au kahawia iliyoiva, na pengine huonekana kwa kupapasa kuliko kutazama. Programu iliyofundishwa kwa miguu myeupe itapita juu yake.

Hata hivyo jeni na ngozi ni sehemu ndogo ya tatizo. Kubwa ni kifua kikuu.

Wengi wetu tunakijua kifua kikuu kwa kikohozi. Lakini kinashambulia pia utumbo, na mahali kinapopenda ni pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana, upande wa kulia chini ya tumbo. Crohn nayo hupenda palepale. Dalili ni zilezile: maumivu, homa za jioni, kukonda, kuharisha, wakati mwingine utumbo kuziba. Kamera ikiingia, vidonda vinaweza kufanana. Kinyama kikikatwa, hadubini inaweza kuonyesha vifundo vya seli za kinga katika magonjwa yote mawili. Kifundo kilichooza katikati ndicho kinachoelekeza zaidi kwenye kifua kikuu, lakini kwa wagonjwa wengi hakionekani kwenye vipande vidogo vilivyokatwa. Kuotesha bakteria huchukua wiki kadhaa na mara nyingi hakuoti kitu. Picha ya kifua yaweza kuwa safi kabisa.

Makosa hapa yana bei. Mwenye Crohn akidhaniwa ana kifua kikuu, atameza vidonge vya miezi sita vinavyoweza kuchosha ini, huku utumbo ukiendelea kuharibika hadi uhitaji kisu. Mwenye kifua kikuu akidhaniwa ana Crohn, ni hatari zaidi, kwa maana tiba ya Crohn ni kuituliza kinga. Dawa ya infliximab iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa Crohn mwaka 1998, ikabadilisha maisha ya wengi. Mwaka 2001 tu ikaripotiwa kwamba wagonjwa 70 waliokuwa wakiitumia kwa maradhi mbalimbali walipata kifua kikuu, wengi wao kikiwa kimeenea nje ya mapafu. Dawa huondoa ulinzi uliokuwa umewafungia bakteria ndani. Hiyo ilitokea hasa katika nchi ambazo kifua kikuu ni kidogo. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu.

Hapo ndipo watu wanaposema: basi si ndiyo kazi ya akili mnemba? Ionyeshwe picha, itutofautishie. Watafiti wa China na India wanajaribu hilo, na wana haki ya kujaribu, kwa sababu wanao wagonjwa wa aina zote mbili. Lakini programu iliyolelewa katika nchi ambayo kati ya watu mia wenye kidonda cha namna ile karibu wote wana Crohn, imejifunza kitu kimoja zaidi ya umbo la kidonda. Imejifunza kwamba ukiwa na shaka, sema Crohn, utapatia. Ilete kwenye nchi ambayo uwiano ni kinyume chake, na tabia hiyohiyo itageuka kuwa kosa, tena kosa linaloandikwa kwa asilimia na desimali zinazomtia daktari kijana woga wa kubisha. Mashine haitakuwa imeharibika. Itakuwa inafanya ilichofundishwa, mahali pasipo pake.

Basi tuifundishe kwetu. Sawa, lakini kwa majibu gani? Programu hujifunza kwa kupewa picha pamoja na jibu sahihi. Kwa magonjwa haya mawili, jibu sahihi mara nyingi halipatikani siku ya kipimo. Daktari asiye na uhakika humwanzishia mgonjwa dawa za kifua kikuu, kisha baada ya miezi miwili au mitatu humwingizia kamera tena. Vidonda vikiwa vimepona, kilikuwa kifua kikuu. Vikiwa palepale, ni Crohn, au pengine ni kifua kikuu sugu kwa dawa. Kumuuliza mgonjwa anajisikiaje hakutoshi, kwa kuwa hata mwenye Crohn anaweza kupata nafuu ya muda. Lazima kidonda kitazamwe kwa mara ya pili. Madaktari wa Cape Town, wanaoishi na magonjwa yote mawili, walikwisha kuandika mwaka 2007 juu ya ugumu wa kuitambua na kuitibu Crohn mahali penye kifua kikuu kingi. Hekima hiyo ipo barani siku nyingi.

Sasa mfikirie mgonjwa huyo. Amesafiri kutoka wilayani hadi hospitali ya rufaa, amelipia kipimo, amelala kwa ndugu, amerudi na vidonge. Mwezi wa tatu umefika. Kahawa inavunwa, au mtoto anatakiwa shule, au anajisikia vizuri tu na haoni sababu ya kulipia tena kipimo kile cha aibu. Asiporudi, hospitali inabaki na picha ya kwanza na neno "TB?" lenye alama ya kuuliza. Zikusanye picha elfu moja za namna hiyo na unachonacho ni mafumbo elfu moja. Hakuna kompyuta itakayoyafumbua, maana jibu liliondoka na mgonjwa kwenye basi.

Ndiyo maana nasema tumeshika mwisho wa kamba usio wetu. Fedha ya kwanza iende kwenye ile ziara ya pili: nauli, msamaha wa gharama ya kamera ya mwezi wa tatu, na mtu wa kupiga simu. Iende pia kwa wataalamu wa patholojia, ambao ndio wanaosoma vinyama na ambao ni wachache mno kwa idadi ya watu wetu. Iende kwenye sajili: kitabu kimoja, cha kielektroniki au cha karatasi, ambamo kila mgonjwa wa shaka hii katika hospitali za rufaa ameandikwa kwa fomu ileile, pamoja na jicho lake, viungo vyake, ini lake, na matokeo yake baada ya mwaka.

Mtu ataniuliza kwa nini tuhangaike na maradhi ya wazungu wakati akina mama wanafariki kwa kujifungua. Swali ni halali, na lina historia hapa kwetu. Hugh Trowell na Denis Burkitt, madaktari waliofanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, katikati ya karne iliyopita, waliona kwamba magonjwa kadhaa ya utumbo yaliyojaa Uingereza yalikuwa haba miongoni mwa Waganda, wakayaunganisha na lishe, hasa upungufu wa nyuzinyuzi katika vyakula vya kukobolewa. Walichokiona walikiona kweli. Lakini Kampala ya leo inakula chapati na soda, na hali kadhalika Dar es Salaam, Mombasa na Kigali. Gilaad Kaplan wa Chuo Kikuu cha Calgary na wenzake wameeleza jinsi maradhi haya yanavyoingia katika jamii kwa hatua: kwanza mgonjwa mmoja mmoja, kisha ongezeko la kasi nchi inapoingia viwandani na mijini, kama ilivyotokea Asia. Sehemu kubwa ya Afrika imewekwa kwenye hatua ya kwanza. Tena, katika mifumo yetu ya hospitali mgonjwa asiyetambuliwa huandikwa maumivu ya tumbo, R10 katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, badala ya K50 ambayo ni Crohn au A18.3 ambayo ni kifua kikuu cha utumbo. Nchi inayoandika R10 kila siku haiwezi kuapa kwamba K50 haipo.

Na sajili hiyo haitamsaidia mgonjwa wa Crohn peke yake. Itawafichua wagonjwa wa kifua kikuu cha utumbo wanaochelewa. Itawafichua wa saratani ya utumbo mpana wanaotibiwa bawasiri. Hata kama Crohn itakuja kuonekana ni chache, kazi haitakuwa imepotea.

Tunao mfano kwamba mashine ikiletwa kwa utaratibu inatufaa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kusoma picha za kifua zitumike kuwachuja washukiwa wa kifua kikuu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Programu za aina hiyo zilikuwa zimekwisha kupimwa kwenye mazingira yetu, ikiwemo Tanzania, na shirika lenyewe lilishauri kila nchi ipange kiwango chake cha kusema "huyu apimwe zaidi" kulingana na watu wake. Jibu la mashine huthibitishwa kwa kipimo cha makohozi. Yaani kulikuwa na jibu sahihi la kulinganisha nalo, na lilipatikana kwa siku, si kwa miezi. Huo ndio msingi ambao kwa utumbo bado hatujauweka.

Kuna onyo jingine kutoka Poland. Mwaka 2025 jarida la Lancet la magonjwa ya tumbo na ini lilichapisha uchunguzi wa vituo vinne ambako madaktari wazoefu walianza kusaidiwa na akili mnemba kutafuta vinyama vinavyoweza kuwa saratani kwenye utumbo mpana. Baada ya kuizoea, walipofanya kipimo bila mashine, kiwango chao cha kuvigundua kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Hao ni watu waliokwisha kufanya vipimo vingi maishani. Kwetu, ambako wanaoweza kuingiza kamera ni wachache na vijana ndio kwanza wanajifunza, kumpa mwanafunzi mashine kabla ya jicho lake kukomaa ni kumlea daktari ambaye umeme ukikatika anakuwa mtazamaji.

Lipo pia suala la nani atafaidi. Kumbukumbu za wagonjwa ni mali, na wanaozitaka watakuja na barua nzuri. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania tangu 2022. Sheria hizo zisibaki kwenye makabati ya wanasheria. Mgonjwa aambiwe kwa Kiswahili picha ya utumbo wake inakwenda wapi na kwa kazi gani. Nakala ibaki nchini. Kampuni itakayofundisha programu kwa picha za hospitali za Muhimbili, Kenyatta au Mulago isije ikatuuzia programu hiyohiyo kwa bei ya mgeni. Na dawa isisahauliwe: kumtambua mgonjwa wa Crohn kwa teknolojia ya kisasa, kisha kumwambia kwamba bima yake haigusi dawa anayohitaji, ni kumpa jina la ugonjwa na kumwacha hapohapo.

Yapo yanayoweza kuanza kesho bila mfadhili. Daktari wa macho anayemtibu mtu jicho lenye mchochota wa ndani unaojirudia aulize swali moja: choo chako kikoje? Daktari wa viungo amuulize vivyo hivyo kijana mwenye mgongo unaokakamaa asubuhi. Daktari wa tumbo naye aulize macho na viungo. Muuguzi aandike jibu. Nawe msomaji, ukiharisha kwa zaidi ya mwezi, au ukiona damu kwenye choo, au ukikonda bila sababu, usikubali kupewa taifodi ya tatu bila kipimo cha maana. Uliza kuhusu kamera. Ukianzishiwa dawa na kuambiwa urudi mwezi wa tatu, rudi hata kama umepona, kwa faida yako kwanza.

Kwa wizara zetu za afya na vyama vya madaktari ombi ni moja. Chagueni hospitali za rufaa chache, mkubaliane fomu ya ukurasa mmoja, mlipie ziara ya pili ya kila mgonjwa, na mwishoni mwa kila mwaka mtangaze hadharani ni wangapi walikuwa na kifua kikuu, wangapi Crohn, na wangapi hawakurudi. Hesabu hiyo ikishakuwepo, aliyebuni mashine aje, tuipime kwa wagonjwa wetu, na ikifaulu tuinunue. Wizara isiyoweza kutoa hesabu hiyo haina sababu ya kusaini mkataba.